Kwa Fundi Mgeni Anayefunga Kalipa Kubwa

Juma lililopita nilimkuta kijana mmoja wa gereji yetu amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, rimu ikiwa mapajani pake, akiitazama kama mtu anayemtazama mdeni wake aliyekana deni. Kalipa mpya za pistoni nne, yaani vile vibanio vya breki vinavyoikamata diski, alikwisha kuzifunga, hozi za zamani alikwisha kuzifungua, mafuta ya breki yalikuwa yakidondoka koponi tone kwa tone, na gurudumu lilikuwa limegoma kukalia habu, kile kitovu cha chuma linapofungwa, kwa sababu spoki ziligonga uso wa kalipa. Nilipomuuliza kama alipima kabla ya kushika spana, alinijibu kwa unyoofu uliopoza nusu ya hasira yangu: "Mkuu, rimu ni 17, na karatasi ya kalipa inasema inahitaji 17." Jibu hilo nalijua vizuri, kwa kuwa nililitoa mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake, na kila mwaka hujitokeza kijana mwingine wa kulirudia. Ndiyo sababu ninaandika.

1. Namba iliyogongwa kwenye rimu haielezi nafasi iliyomo ndani yake.

Inchi 17 ni milimita 431.8, na hicho ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia, upande wa nje. Kalipa haikai huko. Inakaa ndani, chini ya unene wa rimu yenyewe na chini ya lile bonde la katikati lililowekwa ili tairi liweze kuvalishwa, na kina cha bonde hilo hutofautiana kati ya rimu na rimu. Ofseti nayo, ile namba inayotanguliwa na herufi ET, hueleza umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokalia habu, basi; haisemi neno lolote juu ya umbo la spoki. Nimewahi kuweka mezani rimu mbili, zote inchi 17 kwa upana wa 7.5, zote ET 40, moja ikaipita kalipa kwa raha na nyingine ikaigonga, kwa kuwa spoki za ile ya kwanza zilitoka nje kama tumbo la chungu ilhali za ile ya pili zilishuka wima hadi kwenye habu.

Nafasi za kupima ni mbili: ile iliyo kati ya mgongo wa kalipa na ukuta wa ndani wa rimu, na ile iliyo kati ya uso wa kalipa na migongo ya spoki. Vijana wengi hupima moja, ile inayoonekana kwa macho wakiwa wamesimama. Mimi sipokei chini ya milimita 3 katika nafasi yoyote kati ya hizo, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto, rimu hupinda kidogo gari linapokata kona, na vijiwe havikosi kuingia humo.

2. Kiolezo cha karatasi ni chombo cha kupimia, kwa hiyo kikague kama unavyokagua chombo kingine chochote.

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana hili ni kosa langu na sijalisimulia mara nyingi. Nilikuwa na miaka miwili tu katika kazi, nimeanza kuaminiwa, na mteja mmoja alitaka kalipa kubwa na diski kubwa za mbele bila kubadilisha rimu alizozipenda kupita kiasi. Mtengenezaji wa kalipa alikuwa ametoa mchoro wa ukubwa halisi, ule unaouchapa, unaubandika kwenye kadibodi, unaukata kwa kufuata mstari, kisha unauzungusha ndani ya rimu kitovu chake kikiwa katikati ya tundu la habu. Niliuchapa, nikaukata kwa ustadi niliojivunia, nikauzungusha kwenye rimu zote nne ingawa zilizohitajika ni mbili, na nafasi niliyoipata ilikuwa milimita 8. Milimita 8! Nilimwita mteja aje aone, nikamwonyesha kwa kidole, naye akalipia kalipa siku ile ile.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Gurudumu liliingia, nikalizungusha kwa mkono likazunguka kimya, tukatoa hewa kwenye mfumo, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Kwa kuwa tulikuwa tumeweka tairi mpya, nilipeleka magurudumu kubalansiwa, nikayafunga tena, nikamkabidhi mteja ufunguo. Baada ya siku tatu alirudi akisema usukani unatetemeka akifika kilomita 90 kwa saa. Nikalaumu balansi. Tukabalansi upya, akaondoka, akarudi tena kesho yake na tetemeko lile lile, na safari hii hakutabasamu. Nikalaumu tairi, na kwa aibu yangu nikamlaumu hata aliyeuza tairi hizo, mbele ya watu.

Mara ya tatu nilitoa gurudumu nikaligeuza juani. Vile vibati vya balansi vinavyobandikwa kwa gundi ndani ya rimu havikuwapo. Ilibaki michirizi ya gundi iliyochafuka, na pembeni yake mkwaruzo uliong'aa, umejipinda kama mwezi mchanga. Kwenye pembe ya kalipa rangi ilikuwa imetoka, sehemu ndogo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kila nilipobandika vibati vyenye unene wa milimita 4 hivi, kalipa ilivipangusa gari lilipoanza kutembea, nami nikavibandika tena kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha.

Lakini milimita zangu 8 zilikwenda wapi? Nilikwenda kukitafuta kile kiolezo, ambacho kwa majivuno nilikuwa nimekitundika ukutani. Pembeni mwa mchoro kulikuwa na mstari mfupi na maneno yaliyosema kwamba mstari huo lazima upimwe na uwe milimita 100. Niliweka rula. Ulikuwa milimita 96. Printa ilikuwa imeupunguza mchoro ili utoshee ukurasa, kwa asilimia 4 tu, jambo ambalo jicho haliwezi kuligundua. Lakini kutoka kitovu cha habu hadi pembe ya nje ya kalipa ile kulikuwa na milimita 188, na asilimia 4 ya hizo ni milimita 7 na nusu. Nafasi yangu halisi ilikuwa nusu milimita. Gurudumu lilizunguka kimya siku ya kwanza kwa sababu nusu milimita haipigi kelele likiwa juu ya stendi.

Rimu nyingine nilizinunua kwa pesa yangu, kwa mafungu, na kiolezo kile bado ninacho. Kwa hiyo, wadogo zangu, chapeni kwa asilimia 100, pimeni mstari wa ukaguzi kwa wima na kwa ulalo, na msikate kadibodi kabla ya hapo.

Kalipa ikiwa tayari mkononi, kiolezo pekee hakitoshi. Bandika vidonge vya udongo laini wa kuchezea watoto kwenye pembe zote za kalipa zilizochomoza, valisha gurudumu, kaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, maana gurudumu lililoshikwa kwa nati za mkono hukaa upande na kukudanganya, kisha lizungushe mzunguko mzima. Litoe, kata kila kidonge katikati kwa wembe, upime unene uliobaki. Ukutani mwa rimu toa unene wa vibati vya balansi katika kipimo ulichopata.

3. Spesa hutibu ugonjwa mmoja kati ya miwili.

Spesa, ile sahani inayowekwa kati ya habu na rimu, husogeza spoki mbali na uso wa kalipa. Ukuta wa ndani wa rimu hausogei kuelekea nje hata ukiweka spesa ya unene wa tofali, na siku ile ya mkwaruzo nilikuwa tayari nimekwisha kuishika moja mkononi kabla akili haijanirudia. Ukiiweka mahali inapostahili, hesabu mizunguko ya nati: kwenye stadi, ile bolti ya habu inayoshika nati, ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, yaani milimita 1.5 kwa kila mzunguko, nati isiyofika mizunguko 8 kamili haijashika urefu unaolingana na unene wa stadi, na gari hilo halitoki kwangu mpaka stadi ndefu zipatikane. Kumbuka pia kwamba tairi limesogea nje, kwa hiyo kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama haligusi matao ya bodi.

4. Pistoni nne hazina nguvu mara nne.

Hili huwapata wale wanaopenda hesabu nusu. Kijana huhesabu pistoni nne upande huu, moja upande ule, akatangaza kwamba breki imeongezeka nguvu kwa kiasi cha kutisha. Kalipa ya kuteleza yenye pistoni moja ya milimita 57 ina eneo la karibu milimita za mraba 2,552. Kalipa isiyosogea yenye pistoni nne za milimita 40 huhesabiwa upande mmoja tu, yaani pistoni mbili, ambazo ni karibu milimita za mraba 2,513, kwa kuwa kazi inayofanywa na pistoni za upande wa pili ndiyo ile inayofanywa na mwili wa kalipa ya kuteleza unapojivuta. Nguvu ya kubana ni ile ile, au pungufu kidogo. Ukiweka pistoni kubwa kupita kiasi, masta silinda ya zamani, ile pampu inayosukumwa na pedali, italazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, pedali itashuka chini, na mgawanyo wa breki utaelemea mbele kiasi kwamba magurudumu ya nyuma yanabaki kusindikiza.

Faida ya kweli iko kwenye diski kubwa, ambayo inashikwa mbali zaidi na kitovu, na zaidi ya hapo iko kwenye joto. Gari la kilo 1,500 likienda kilomita 100 kwa saa limebeba karibu kilojuli 579, na likifika 200 limebeba mara nne ya hizo. Zote hizo hugeuka joto ambalo lazima lipate chuma cha kulibeba. Mteja akikuambia anataka gari lisimame mahali pafupi zaidi kwa mkanyago mmoja, kaangalie tairi zake kwanza. Ikiwa breki za zamani zilikuwa zinaamsha ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kwenye lami kavu, basi kilichokuwa kinashindwa ni mpira. Nimepoteza wateja kadhaa kwa kuwaambia hivyo, na sijutii zaidi ya wawili.

5. Mengineyo, kwa haraka.

Nipeli ya kutolea hewa hukaa juu. Ikiwa iko chini umebadilisha kalipa ya kulia na ya kushoto, na unaweza kutoa hewa mpaka jua lizame. Pistoni zikiwa za ukubwa tofauti, diski iingie kwa upande wa ile ndogo. Kalipa haining'inizwi kwa hozi hata kwa dakika moja. Washa za shaba, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje kwenye hozi, ni mpya kila mara. Kwenye mafuta ya breki, DOT 5 ni silikoni na haichanganywi na DOT 4, ilhali DOT 5.1 inachanganyika, na aliyetoa majina hayo hakutuonea huruma. Hozi ikaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gurudumu likiwa limening'inia. Nati zirudiwe kwa toki baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na kabla gari halijasogea hata shubiri moja, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zilizosukumwa ndani hazijui kwamba kazi imekwisha. Siwataji majina, lakini sanduku la vifaa lenye pembe iliyobonyea pale mlangoni lina historia, na mwenye historia hiyo anasoma haya.

6. Tairi la spea.

Mtu mmoja alinipigia simu usiku, amepata pancha gurudumu la mbele, amefungua, ametoa spea yake ya inchi 16 iliyokuwa haijawahi kuguswa, na haiingii. Bila shaka haikuingia. Mbele mlikuwa na kalipa yangu. Nilimwongoza kwa simu: funga gurudumu lililopasuka mahali pake kwa muda, shusha, panda nyuma, toa gurudumu zima la nyuma, weka spea pale ambapo breki ni za kiwandani, kisha rudi mbele ulivalishe lile la nyuma. Alifanya yote hayo akiwa na jeki moja na tochi ya simu iliyokuwa inakata chaji, akinieleza kila hatua anavyonifikiria, na kila alichoeleza nilistahili. Tangu siku hiyo sikabidhi ufunguo kabla sijafungua buti, nikatoa spea na kuijaribisha mbele huku mwenye gari akiangalia, na isipoingia namwandikia kwa kalamu nzito kwenye spea yenyewe: NYUMA TU.