Ampu ya hedifoni inanguruma baada ya kuhamia kwenye bodi

Salama mkuu. Umesema saketi yako ya OPA2134 (aisii, yaani chipu, ya kukuza sauti) ilikuwa kimya kwenye ubao wa majaribio, ila kwenye bodi uliyochora inanguruma, na hata ukishusha sauti hadi mwisho ngurumo ni ileile. Nilikwama hapohapo na bodi yangu ya kwanza.

Kwa kuwa kitufe cha sauti hakiipunguzi, ngurumo inaingia baada yake. Usinunue aisii nyingine kwanza. Kagua graundi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Fuata kwa kidole njia yake ya shaba kutoka kwenye daraja la dayodi (linalogeuza AC kuwa DC) na kapasita kubwa za kuhifadhi umeme. Kama graundi ya ingizo imeungwa katikati ya njia hiyo, umempata mchawi. Kapasita zile hujazwa kwa mishtuko mikali ya mkondo mara 100 kwa sekunde, na shaba nyembamba ina ukinzani, kwa hiyo volteji ya graundi ya ingizo inayumba na ampu inaikuza mishtuko hiyo kama muziki. Njia yangu ilikuwa nyembamba kama uzi, imezunguka ukingo mzima wa bodi. Niliikata kwa wembe, nikalehemu waya kutoka graundi ya ingizo hadi sehemu moja tu, kati ya kapasita mbili kubwa, na graundi ya jeki ya hedifoni nikaileta hapohapo kwa waya wake. Kimya.

Sijaona upande wa chini wa bodi yako, weka picha. Angalia pia kapasita za nanofaradi 100 zikae karibu kabisa na miguu ya 4 na 8 ya aisii, inapoingia umeme. Aisii ikichemka bila muziki, inajitetemesha yenyewe (inazalisha mawimbi bila ingizo): ongeza rezista ya omu 47 pale sauti inapotoka kwenye aisii.