Kumpima mkurugenzi wa bandari kwa mwaka: anza na saa za meli

Ripoti ya mwaka ya mkurugenzi mkuu wa bandari huanza na tani. Ukurasa wa kwanza husema shehena imepanda, makasha yamepanda, mapato yamepanda, na mjumbe wa bodi aliyeteuliwa juzi hujikuta anapiga makofi kabla ya kufika ukurasa wa tatu. Makala haya ni kwa ajili ya mjumbe huyo, na kwa ofisa mipango atakayeandaa jedwali la tathmini. Ushauri wetu mkuu ni huu: mpime mkurugenzi kwa muda. Tani huletwa na wafanyabiashara, mvua, vita na bei za dunia, lakini muda unaopotea bandarini una mwenyewe.

Chukua Mombasa. Mwaka 2024 bandari hiyo ilivuka TEU milioni 2 kwa mara ya kwanza, kutoka takriban milioni 1.62 mwaka 2023 (TEU moja ni kasha la futi 20, la futi 40 huhesabiwa mbili). Ni mafanikio ya kweli, na waliofanya kazi ile gatini, yaani mahali meli inapofungwa kupakua na kupakia, wanastahili sifa. Hata hivyo, namba hiyo inafaa kuchambuliwa kabla ya kutolewa alama. Baada ya mashambulizi dhidi ya meli kwenye Bahari ya Shamu kuanza mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli ziliacha njia ya Suez zikazunguka kusini mwa Afrika, na makasha ya kuhamishiwa meli nyingine yakaongezeka sana Mombasa. Kasha la namna hiyo huhesabiwa mara mbili: linaposhushwa na linapopakiwa tena. Kasha tupu linalorudishwa Asia nalo huhesabiwa sawasawa na kasha lililojaa chai. Kwa hiyo dai jedwali lenye safu nne: yanayoingia, yanayotoka na mzigo, matupu, na ya kuhamishiwa. Mkurugenzi asipewe alama kwa sababu ya vita wala asinyang'anywe. Alama yake iko kwenye jinsi alivyoyapokea makasha hayo bila kuwachelewesha wenye mzigo wa Nairobi na Kampala.

Kumbukumbu ya meli moja

Kila meli ikiondoka huacha kumbukumbu ya matukio yenye saa, iliyosainiwa na nahodha, wakala na upande wa bandari. Hiyo ndiyo karatasi bora kuliko zote kwa mpimaji. Omba nakala 30 kwa kuchagua bila mpangilio kutoka orodha ya meli za mwaka mzima, na usikubali zile ambazo menejimenti imekuchagulia.

Tuseme umepata hii, ya meli ya makasha. Imefika nje Jumatatu saa 12:00 asubuhi ikatia nanga. Rubani, yaani mtaalamu wa bandari anayeiongoza meli kuingia na kutoka, amepanda Jumatano saa 8:00 mchana. Imefungwa gatini saa 9:30 alasiri. Kreni zimeanza kazi saa 12:00 jioni, zikamaliza Ijumaa saa 10:00 alfajiri. Meli imeachia kamba saa 1:30 asubuhi. Kreni zilikuwa tatu, na makasha yaliyonyanyuliwa ni 1,700.

Piga hesabu. Imesubiri nje saa 56, imeingizwa kwa saa moja na nusu, imekaa gatini saa 40. Jumla ni saa 97 na nusu. Katika saa 40 za gatini, kazi imefanyika kwa saa 34. Yaani kwa saa 6 gati imekaliwa na hakuna kasha lililosogea: mbili na nusu kabla ya kazi, tatu na nusu baada yake. Hapo ndipo pa kumuuliza mkurugenzi kwa undani. Saa za mwanzo kwa kawaida huliwa na maofisa wa afya na uhamiaji wanaochelewa kupanda, kikosi cha wapakuzi kinachosubiri zamu ibadilike, au mpango wa upakuaji usiokamilika. Saa za mwisho huliwa na rubani aliye kwenye meli nyingine, tagi (meli ndogo ya kuvuta na kusukuma meli kubwa) iliyoharibika, au maji yanayosubiriwa yajae. Karibu yote hayo yanarekebishika bila kununua kreni hata moja, na ndiyo maana tunayapa uzito mkubwa. Mkurugenzi aliyepunguza saa 6 hizo zikawa 3 amefanya kazi ya uongozi hasa.

Sasa angalia kasi. Makasha 1,700 kwa saa 34 za kazi ni 50 kwa saa. Ukigawa kwa saa 40 za gatini ni 42.5. Ukigawa kwa kreni tatu ni takriban 17 kwa kila kreni kwa saa. Na iwapo kreni zilisimama saa 8 kwa mvua na hitilafu, mtu anaweza kuzitoa saa hizo akaandika 65. Namba zote nne ni sahihi, na ripoti itachagua inayopendeza. Kipimo kiandikwe kwenye mkataba wa utendaji mwezi Julai, pamoja na jinsi kinavyokokotolewa, na kisibadilishwe hadi Juni. Sisi tunapendelea makasha kwa saa ya gatini, kwa sababu kipimo hicho hakifichi kitu.

Kuhusu saa 56 za kusubiri, kuwa mwadilifu. Meli iliyofika siku mbili kabla ya nafasi yake haikucheleweshwa na bandari. Zitenganishe: zilizofika ndani ya nafasi waliyokubaliana na zilizofika nje yake.

Gati kujaa nako husifiwa vibaya. Utasikia "matumizi ya gati yamefika asilimia 85" kana kwamba ni ushindi. Mwongozo wa siku nyingi wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, kwa gati za shehena mchanganyiko unaweka kikomo cha asilimia 40 bandari ikiwa na gati moja, 50 zikiwa mbili, 55 zikiwa tatu, 60 zikiwa nne, 65 zikiwa tano, na 70 zikiwa sita hadi kumi. Ukipita hapo, foleni nje huongezeka haraka kuliko meli zenyewe, maana meli hazifiki kwa mstari. Asilimia 85 ni taarifa kwamba kuna meli zinalala nanga, na gharama yake hurudi kwa mnunuzi wa saruji na mchele.

Siku za kasha uwanjani

Wastani wa siku ambazo kasha hukaa bandarini ndicho kipimo kinachopotoshwa kirahisi zaidi. Fikiria makasha 100: 80 yametoka kwa siku 5, 15 kwa siku 12, na 5 yamekaa siku 120 kwa sababu ya kesi au mwenyewe kuyatelekeza. Wastani ni siku 11.8. Forodha ikiyapiga mnada yale matano, hesabu ya yaliyobaki inashuka hadi siku 6 na kidogo. Ripoti itasema muda umepungua karibu nusu, wakati mfanyabiashara wa kawaida bado anangoja siku 5 zilezile. Kusafisha uwanja ni jambo jema na lipewe alama yake, ila pembeni. Pamoja na wastani, yapange makasha kwa siku yaliyokaa, kisha dai siku za kasha la katikati na siku za kasha la 90 katika kila 100.

Mtego wa pili ni bandari kavu, yaani uwanja wa makasha ulio nje ya bandari yenyewe. Kasha likihamishiwa huko, mfumo huliandika limetoka, ilhali bado halijalipiwa ushuru na mwenyewe hajaliona. Hesabu iishie pale lori linapotoka lango la mwisho na mzigo, popote lango hilo lilipo.

Mapato, na shilingi iliyoshuka

Tozo nyingi za bandari hutozwa kwa dola. Shilingi ya Kenya ilianza mwaka 2023 ikiwa karibu 123 kwa dola na kuumaliza karibu 157. Bandari ingeweza kuhudumia meli zilezile, kwa tozo zilezile, na bado mapato yake kwa shilingi yakapanda zaidi ya robo. Weka safu mbili, ya dola na ya shilingi, kisha uliza madeni yasiyokusanywa kwa zaidi ya siku 90. Ziada ya fedha nayo iangaliwe pamoja na matengenezo yaliyoahirishwa. Mkurugenzi anayebana bajeti ya vipuri hung'ara mwaka wa kwanza, na bandari hulipa mwaka wa tatu.

Kwa hiyo ingia karakana. Mwaka una saa 8,760, na kreni iliyosimama saa 876 imepoteza asilimia 10. Omba orodha ya sababu kwa kila kreni, siyo jumla. Mara nyingi utaona kinachosimamisha kazi ni kifaa kinachokamata kasha, yaani spreda, na pini zake za kufungia. Uliza kama kuna spreda ya akiba inayofanya kazi leo, kisha nenda ukaione. Fanya hivyohivyo kwa kina cha maji. Mradi wa uboreshaji wa bandari ya Dar es Salaam uliongeza kina cha gati namba 1 hadi 7 kufikia mita 14.5, lakini mchanga hurudi. Uliza tarehe ya upimaji wa mwisho wa kina, usisome kilichotangazwa siku ya uzinduzi.

Je, anaendesha mwenyewe au amekodisha?

Hapa tathmini nyingi zinakosea kuanzia mwanzo. Mombasa, Halmashauri ya Bandari yenyewe bado ndiyo inayoendesha vituo vya makasha, hivyo kasi ya kreni ni jukumu la mkurugenzi moja kwa moja. Dar es Salaam hali imebadilika: Oktoba 2023 mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari ulisainiwa na DP World, kampuni ya Dubai, na kituo cha makasha cha gati 8 hadi 11 kikakabidhiwa mwekezaji mwingine mwaka uliofuata. Mkurugenzi Mkuu wa TPA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania) akipimwa kwa kasha kwa saa, anasifiwa au kulaumiwa kwa kazi ya mtu mwingine. Yeye apimwe kwa usimamizi wa mikataba: je, viwango vya huduma vilikaguliwa kila robo mwaka, adhabu ilitozwa vilipovunjwa, uwekezaji ulioahidiwa umefika kwa tarehe yake? Aongezewe marubani, tagi, mlango wa bahari, barabara na malango, ambavyo vimebaki mikononi mwa mwenye bandari.

Usalama usiwe sentensi moja ya "hakuna ajali kubwa". Agosti 4, 2020, bandari ya Beirut, Lebanoni, iliharibiwa na mlipuko wa tani 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti, zilizokuwa ghalani kwa miaka. Shehena ile ilijulikana, na barua juu yake ziliandikwa. Kila tathmini iwe na orodha ya shehena hatari iliyopita siku 30 bandarini, ikionyesha aina, kiasi, mahali ilipo, na jina la cheo kinachowajibika kuiondoa. Orodha isipokuwepo, sehemu ya usalama ipate sifuri.

Mgawanyo wa alama tunaoupendekeza, kwa bandari inayojiendesha yenyewe: 35 kwa muda wa meli na wa kasha, 20 kwa fedha, 20 kwa mitambo na kina, 15 kwa usalama, 10 kwa watumishi na mafunzo. Kikao kilichofanyika, kamati iliyoundwa na mshauri aliyeajiriwa visipewe alama hata moja. Lengo lililopunguzwa katikati ya mwaka lionyeshwe pamoja na la awali, na sababu iandikwe. Ushahidi ukusanywe kila robo mwaka, ndani ya wiki mbili baada ya robo kuisha, kwa sababu kumbukumbu za Septemba zinazotafutwa Julai inayofuata hupatikana pungufu, na pengo hujazwa kwa makadirio.

Kabla ya kusaini, zungumza na watu watatu walio nje ya jengo la utawala: wakala wa meli, wakala wa forodha na mwenye malori. Waulize siku zao za kawaida ni ngapi. Zikipishana na za ripoti kwa zaidi ya siku mbili, rudisha ripoti na uombe data ghafi ya malango.