Saa mbili kamili si saa mbili na robo

Mdogo wangu, unasema unakaa Usa River, kazi iko Arusha mjini, umepewa onyo la pili kwa kuchelewa, na unaona bosi anakuonea kwa sababu foleni si kosa lako. Pole sana, ila hapo sikubaliani nawe.

Ukitoka nyumbani saa 1:15 ukitegemea kuingia kazini saa 2, umesahau kuwa daladala haiondoki mpaka ijaze, na inasimama kila kituo. Jumatano na Jumamosi kuna soko la Tengeru: ndizi, mikokoteni na watu mpaka barabarani. Hayo unayajua tangu jana yake, kwa hiyo usiyaite dharura. Panda gari saa 12 na nusu. Ukiwahi, kunywa chai yako mjini kwa utulivu.

Mimi nilikuwa mpagazi wa watalii Mlima Kilimanjaro, nikiishi Moshi. Siku moja tuliambiwa gari la kwenda geti la Marangu linaondoka saa 1. Nikafika saa 1 na dakika 10, nikakuta vumbi tu. Nilikosa malipo ya siku 6. Kilichoniuma zaidi ni wenzangu: waligawana mzigo wangu mpaka mbadala akapatikana.

Wewe pia kuna mwenzako anayefungua na kuhudumia wateja peke yake kila ukichelewa. Kesho muombe radhi yeye kwanza, kisha bosi. Na siku ukikwama kweli, piga simu kabla ya saa 2, ungali ndani ya gari.