Uliza Fundi wa Sauti: Sebule ya Mji wa Kale na shilingi 20,000

*Fundi, shikamoo. Naishi Mji wa Kale hapa Mombasa, nyumba ya kizamani. Sebule yetu ina upana wa mita 3 na urefu wa 6, kuta za mawe, dari ya boriti, chini tumetia vigae. Marehemu baba aliniachia kanda za taarab, nimeshazihamishia kwenye simu. Mama naye hupenda kusikiliza Qur'ani asubuhi. Nimekusanya shilingi 20,000. Duka moja wananiuzia wufa yenye spika 5, boksi limeandikwa wati 10,000. Niichukue?*
*Msomaji, Mji wa Kale*

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee. Usiichukue.

Rudi dukani uombe kuigeuza hiyo wufa. Nyuma, karibu na waya wa umeme, pana kibandiko cha kusema inakula wati ngapi. Nimezigeuza nyingi hapa kibandani kwangu, na zilizoandikwa maelfu kwa mbele huwa nyuma zinakula 50 au 60. Chombo hakiwezi kutoa kisichoingia. Zile hesabu za boksi huitwa PMPO, na kila kiwanda hujiandikia kipendacho kwa sababu hazina kipimo kimoja kinachofuatwa.

Tena wati hazikuhusu sana. Spika nyingi za nyumbani, ukizipa wati 1 na ukasimama mita 1 mbele yake, hutoa dekibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 mpaka 90, sauti ya kukufanya umwinulie mwenzako sauti mkizungumza. Ukizidisha wati mara 2 unaongeza dekibeli 3, sikio linatambua kidogo tu. Ili usikie kama sauti imekuwa maradufu, wati lazima ziwe mara 10. Kwa sebule yako, ampu (kile chombo cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye spika) yenye wati 30 za kweli kila upande itawaamsha hadi jirani wa ng'ambo ya kichochoro.

Basi fedha yako igawe hivi: 11,000 spika 2 nzuri za mtumba, 6,000 ampu ya mtumba, 1,500 waya na vya kuwekea spika, na 1,500 iliyobaki ni ya chumba. Spika ndizo zinazogeuza umeme kuwa sauti ya mtu, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Spika 5 hazina kazi kwa kanda za baba: kanda hubeba sauti ya pande 2 tu, kushoto na kulia.

Sasa kuzichagua. Tafuta spika ya mbao nzito yenye wufa ya inchi 6 au 8, yaani ile duara kubwa ya ndani inayopiga besi, na twita yake, ile ndogo ya sauti nyembamba. Toa kitambaa cha mbele, utazame ule ukingo laini unaoizunguka karatasi ya wufa. Ukiwa wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na sponji huoza ndani kwa ndani. Kwa macho inaonekana nzima, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi yenye kunata. Iache hiyo. Chukua yenye ukingo wa mpira. Kisha weka vidole vya mikono yote miwili kandokando ya karatasi, uisukume ndani taratibu, pande zote sawa, na uache irudi. Isikwaruze. Ukisikia mchakacho, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, imeungua au imepinda.

Nenda na betri moja ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Gusisha betri kwenye matundu ya nyuma ya spika, chanya kwa kwekundu. Utasikia *tap*, na karatasi itasogea mbele. Isiposogea, koili imekatika. Ikirudi nyuma badala ya kuja mbele, huenda kuna mtu aliyeifungua akaunganisha kinyume. Fanya hivyo kwa spika zote mbili kabla hujatoa fedha, na muuzaji akikukatalia, ondoka.

Ampu, soma kibandiko cha nyuma kabla ya lolote. Vitu vingi vinavyoshuka bandarini kwetu vimetoka Japani, na Japani umeme ni volti 100. Wetu ni 240. Nikiwa mwanagenzi, mzee mmoja wa mtaa wa Kuze aliniletea ampu ya Kijapani, nzuri mno, uso wa bati la fedha na vifundo vizito. Niliichomeka bila kusoma. Haikumaliza nusu dakika. Nimekaa miezi nikilipa, na harufu ya ile transfoma naijua mpaka leo. Kilichoandikwa 100V kinataka transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni gharama nyingine. Kilichotoka Uingereza unachomeka moja kwa moja. Angalia pia omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme: spika za omu 8 kwa ampu iliyoandikwa 8 ni salama, lakini usije ukaongeza jozi ya pili kwenye matundu yaleyale, omu zitashuka mpaka 4 na ampu itachemka.

Waya asikuuzie mtu kwa bei ya dhahabu. Nunua duka la vifaa vya ujenzi, waya laini wa milimita 1.5, wa shaba. Kwaruza kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, urudishe.

Nikifika kwenye chumba nakuomba unisikilize sana. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Utasikia mlio wa *trrr* ukifuata. Huo ndio utakaomeza maneno ya mwimbaji na kuuchafua udi, hata ungenunua spika za milioni. Zile 1,500 za chumba tafuta zulia nene la mtumba, litandike kati ya spika na kochi, na ukuta wa kando utundike pazia zito. Pia urefu wa chumba chako ni mara 2 ya upana, kwa hivyo besi moja, karibu hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), hurundikana kwa urefu na kwa upana pamoja na kuvuma. Weka spika kwenye ukuta mfupi, zitazame urefu wa chumba, ziachane mita 1.8, zikae nusu mita kutoka ukuta wa nyuma na zisiguse pembe. Twita ziwe usawa wa masikio ya mama akiwa ameketi. Kochi livute mbele, lisiegemee ukuta.

Halafu mchezeshee kisomo cha asubuhi kwa sauti ya chini. Mama akisikia pumzi ya msomaji kabla ya aya, umepata.

*Fundi, spika zangu zilikuwa nzuri, sasa ya kulia inakatika-katika. Nakaa Likoni, upepo wa bahari unaingia mchana kutwa.*
*Mama Wawili, Likoni*

Dada yangu, angalia ncha za nyaya, naamini zimeota kijani. Hiyo ni kazi ya chumvi ya bahari. Kata inchi 2, chuna upya mpaka shaba ing'ae, na kama una jirani fundi mwambie azipake risasi kwa pasi ya kulehemu, zitadumu zaidi. Zungusha pia kifundo cha sauti huku na huku mara 20 ampu ikiwa imezimwa. Ikiendelea kukatika, dawa ya kusafishia kontakti inauzwa kwa chupa ya kupuliza. Mafuta ya kupikia usiweke, nimeshaletewa ampu iliyopakwa.

*Nimenunua spika 2 na ampu, nimeunganisha mwenyewe. Kila moja peke yake ina besi. Zikipiga pamoja besi inapotea. Nirudishe?*
*Kijana wa Bombolulu*

Usirudishe kitu. Spika moja umeiunganisha kinyume: hii ikisukuma hewa, ile inaivuta, na besi zinauana. Zima ampu. Nyuma ya spika moja tu badilishana waya, wa kwekundu uende kweusi na wa kweusi uende kwekundu. Ile nyingine usiiguse.