Ushauri kwa anayeanza kazi kwenye ndege ya kupiga dawa

Anayekuja kufanya kazi na ndege za kupiga dawa, awe rubani, fundi au mpakiaji wa dawa, huwa na hamu ya kuiona ndege ikipita chini juu ya shamba. Sehemu hiyo ina watazamaji wengi, na ndiyo fupi kuliko zote. Dawa ikiwakosa wadudu, ikiunguza shamba la jirani au ikabidi imwagwe porini kwa dharura, mara nyingi chanzo kiko chini: pipa halikukaguliwa, hesabu ya lita haikufanywa, upepo haukupimwa. Maelezo haya yanahusu kazi kama ilivyo kwetu Afrika Mashariki: nzige wa jangwani kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, kwenye mpunga na mtama wa Tanzania, na kutu ya ngano kwenye mashamba makubwa kama ya Narok na Hanang.

Ndege zenyewe

Upigaji dawa kwa ndege ulianza Agosti 1921 huko Ohio, Marekani, kwa ndege ya jeshi aina ya Curtiss JN iliyomwaga unga wa sumu juu ya miti iliyovamiwa na viwavi. Baada ya vita vya pili vya dunia zikaja Stearman za mafunzo ya kijeshi: kiti cha mbele kiling'olewa, tangi la dawa likawekwa. Ndege hizo hazikuchorwa kwa kazi hii, na rubani alilipia tofauti hiyo kwa mwili wake. Mhandisi Fred Weick ndiye aliyeweka mpango unaofuatwa mpaka leo, kwanza katika ndege ya majaribio AG-1 ya 1950, kisha katika Piper Pawnee. Tangi linakaa mbele ya rubani, na rubani anakaa nyuma na juu. Pua ikigonga chini, injini, mabomba na tangi hupondeka kwanza kabla nguvu haijamfikia mtu. Tangi pia liko karibu na kitovu cha uzito, kwa sababu mzigo unapungua ndege ikiwa angani na mizani haitakiwi kuyumba. Air Tractor na Thrush mtakazozikuta viwanjani zina mpango huohuo.

Wazee wa kazi hii bado wanaitaja Beaver, DHC-2 ya Kanada, ambayo shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki, DLCO-EA, lililoundwa 1962, liliitumia kwa miaka mingi. Ina injini ya Pratt & Whitney ya silinda 9 zilizozunguka mhimili, nguvu farasi 450, na mdomo wa kujazia oili uko ndani ya chumba cha rubani. Ukipangiwa kuhudumia injini ya namna hiyo, kumbuka kwamba oili huchuruzika hadi silinda za chini ndege ikilala. Kabla ya kuwasha, hakikisha magneto, yaani vifaa vinavyozipa plagi cheche, zimezimwa, kisha zungusha pangaboi kwa mkono mizunguko miwili kamili, ili kila silinda ipite hatua ya kukandamiza. Likigoma, usilisukume kwa nguvu. Fungua plagi za silinda za chini, oili itoke. Anayelazimisha hupinda fimbo ya pistoni, nayo huweza kukatika siku nyingine, juu ya miti.

Mafuta ya kwenye mapipa

Viwanja vyetu vingi havina kituo cha mafuta, kwa hiyo utaishi na mapipa ya lita 200. Avgas 100LL ina rangi ya buluu. Jet A-1 haina rangi, au ina unjano hafifu. Injini ya pistoni ikijazwa Jet A-1 kwa makosa huwaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mirija, ndege hunyanyuka, kisha injini hufa. Soma maandishi ya pipa, angalia rangi kwenye chupa ya kioo, na mwonyeshe rubani. Akikuambia ana haraka, mwonyeshe hivyohivyo.

Pipa likihifadhiwa wima kwenye mvua, maji hukaa juu ya kifuniko na kuvutwa ndani usiku mafuta yanapopoa na kunywea. Yalaze, vifuniko viwili vikiwa kwenye mstari wa usawa, ili mafuta yafunike lakiri kutoka ndani. Kabla ya kutumia, lisimamishe na uliache litulie angalau saa moja. Mrija wa pampu usifike chini kabisa. Acha sentimita kadhaa za mwisho, maana ndiko maji na kutu hukaa. Pitisha mafuta kwenye chujio linalotenganisha maji. Unganisha pipa, pampu na ndege kwa waya wa kuondoa umeme tuli kabla ya kufungua kifuniko chochote, na uutoe mwisho. Baada ya kujaza, toa mafuta kidogo kwenye vali za chini za matangi ya mabawa na uangalie kama kuna tone la maji chini ya chupa.

Hesabu ya lita

Hapa ndipo wageni wengi huteleza. Kanuni ni moja: kiwango cha dawa kwa hekta, mara upana wa njia moja kwa mita, mara mwendo kwa kilomita kwa saa, gawa kwa 600. Jibu ni lita kwa dakika. Chukua nzige: dawa ya ULV, ile inayopigwa bila maji na kwa kiasi kidogo sana, lita 1 kwa hekta, njia zenye nafasi ya mita 100, mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Zidisha, gawa, unapata lita 30 kwa dakika. Kama ndege ina vichwa vinne vya kuzunguka vya Micronair, vile vinavyoikata dawa kuwa matone, kila kimoja kitoe lita 7.5. Kwa ngano unachanganya na maji, lita 20 hadi 50 kwa hekta, njia zikiwa nyembamba, kama mita 20. Kwa lita 20 na mwendo wa kilomita 180 unahitaji lita 120 kwa dakika. Ukibeba hesabu ya nzige kwenda shambani kwa ngano, au kinyume chake, umeharibu siku.

Hesabu ya karatasi lazima ijaribiwe. Kwenye ndege nyingi pampu huzungushwa na upepo wa mwendo, hivyo haifanyi kazi ndege ikiwa imesimama. Weka ndege mahali pa usawa, jaza hadi alama, weka alama za magurudumu ardhini. Rubani aruke kwa mwendo wa kazi, afungue vali kwa sekunde 60 kwa saa ya mkononi, arudi asimame kwenye alama zilezile. Jaza tena hadi alama kwa ndoo ya kupimia. Lita ulizojaza ndizo zilizotoka. Rudia mara tatu. Tumia dawa yenyewe juu ya eneo linalotakiwa kupigwa, au kimiminika chenye uzito kama wake. Maji hayapiti kwenye matundu kama mafuta ya ULV yanavyopita, na ukipima kwa maji utapata jibu zuri la uongo.

Ukubwa wa matone ni jambo la pili. Kwa nzige tunataka maikroni 50 hadi 100 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Kwenye vichwa vya kuzunguka, pembe ya mapanga yake madogo ndiyo inayoamua: pembe ikipunguzwa, kichwa huzunguka haraka na tone hupungua. Panga moja likiwekwa pembe tofauti na mengine, kichwa hutetemeka na kula beringi. Kwenye bomba la nozeli, urefu wa bomba usizidi kama robo tatu ya urefu wa mabawa. Nozeli za mwishoni kabisa huingia kwenye kisulisuli cha ncha ya bawa, na dawa hupelekwa juu badala ya chini.

Uzito nao usikadiriwe kwa macho. Lita moja ya malathion ya ULV ya asilimia 96 ina kama kilo 1.2, hivyo lita 500 ni kilo 600. Kisha angalia joto, maana hewa ya moto ni nyepesi na hainyanyui ndege vizuri. Kiwanja kilichoko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyuzi 28 za Selsiasi, ndege hukiona kama kiko mita 2,700. Safari ya saa 1 asubuhi na ya saa 5 haziwezi kubeba mzigo mmoja. Mpakiaji anayemjazia rubani "kidogo tu cha ziada" hamsaidii.

Kwa dawa za maji, mpangilio wa kuchanganya ni huu: maji nusu tangi, kikorogeo kikiwashwa, dawa za unga au chembechembe kwanza, kisha za uji, kisha za mafuta, halafu maji ya kumalizia. Ukibadilisha mpangilio, unga hushika mafuta na kuwa tope linaloziba vichujio vyote. Kama dawa mbili hazijawahi kuchanganywa pamoja, zijaribu kwanza kwenye chupa kwa uwiano uleule na usubiri nusu saa.

Upepo na eneo

ULV inategemea upepo. Ndege hukata upepo kwa pembe ya mraba, matone hupeperuka na kuangukia nzige, na njia hufunikana. Upepo chini ya mita 2 kwa sekunde hautoshi: matone huning'inia na kwenda yanakotaka. Ukizidi mita 10, acha. Kuanzia kama saa 5 mchana hadi saa 10 alasiri, siku za jua kali, hewa ya moto hupanda na kuibeba dawa juu. Anza upande wa chini ya upepo na usogee kuelekea unakotoka, ili rubani asiingie kwenye wingu la njia iliyotangulia. Zamani watu wa bendera walisimama shambani kuonyesha njia na walilowa kila wiki. GPS imewaondoa, na hakuna wa kuwalilia.

GPS ina mtego wake. Wapelelezi wa nzige wakituma nyuzi 1.30, na rubani akaingiza nyuzi 1 dakika 30, tofauti ni dakika 12, yaani kilomita 22. Kubalianeni mfumo mmoja na muurudie kwa redio kila safari. Pelekeni pia pembe za eneo, maana alama moja ya katikati haimwambii rubani aanze wapi. Kundi la nzige hutua jioni, huota jua asubuhi, na huondoka jua likishapanda. Dirisha ni fupi, kwa hiyo tangi liwe tayari kabla taarifa haijafika.

Rubani mgeni azunguke eneo juu kabla ya kushuka. Atafute nguzo, kwa kuwa waya wenyewe hauonekani: nguzo iliyo peke yake ina mwenzake mahali fulani, na nyumba yenye bati katikati ya shamba huenda ina waya unaoifuata. Akimaliza njia, apande moja kwa moja hadi avuke miti, ndipo ageuke. Kwenye mlalo wa nyuzi 60, mwendo ambao ndege huishiwa kunyanyuka hupanda kwa asilimia 41. Tangi likiwa limejaa, hapo hakuna nafasi ya kujifunza. Mkono usiwe mbali na mpini wa kumwaga mzigo.

Kweleakwelea

Hii ndiyo kazi ngumu zaidi, kwa maoni yetu. Ndege hawa hupigwa wanapoingia kulala kwenye matete au miiba, jua likizama, kwa fenthion ya ULV, kwa kawaida lita 2 hadi 4 kwa hekta. Ukifika mapema hawajaingia. Ukichelewa giza limekukuta. Karibu na ikweta giza huingia ndani ya nusu saa, hivyo saa ya kurudi hupangwa chini, na ikifika rubani anarudi hata kama nusu ya tangi haijatoka. Kundi lililoshtuka linaweza kuziba kioo cha mbele na matundu ya hewa ya injini.

Fenthion haichagui. Kunguru, mwewe na tai hula mizoga, na kuna vijiji ambako watu hula kweleakwelea kama kitoweo. Mtendaji wa kijiji aitishe mkutano kabla ya siku ya kupiga, shule, msikiti na kanisa viambiwe, na asubuhi yake timu ikusanye mizoga na kuifukia kabla ya watoto kufika. Bwawa wanakonywesha mifugo likiwa ndani ya eneo, eneo hilo halipigwi.

Mwili wako

Fenthion, fenitrothion, malathion na chlorpyrifos hushika mishipa ya fahamu kwa njia moja. Dalili: mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho jingi, kutapika, misuli kutetemeka, kifua kubana. Mtu wa namna hiyo avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali pamoja na lebo ya dawa, ambako atapewa atropini. Kila mpakiaji apimwe kolinesterasi ya damu, kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ambacho dawa hizi hukizuia, kabla ya msimu, ili kuwe na kiwango chake mwenyewe cha kulinganisha. Ikishuka kwa asilimia 30, atolewe kwenye dawa hadi ipande. Vaa glavu za nitrili. Za ngozi hunyonya dawa na kukurudishia siku nzima. Ovaroli iwe nje ya gambuti, la sivyo dawa inayochuruzika itajaa kwenye kiatu. Rubani asipakie dawa: akiingia na glavu zenye dawa, mpini wa kuendeshea unabaki na sumu wiki nzima.

Kufunga siku

Tangi la dawa za maji huoshwa mara tatu, na maji ya kuoshea hupigwa kwenye shamba lilelile. Mabaki ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu, yaliyojificha kwenye chujio yanatosha kuunguza maharage ya mteja wa kesho. Mfumo wa ULV husafishwa kwa dizeli au mafuta ya taa kidogo, maji hayafai. Kagua pia lakiri za mpira, kwani dawa hizi huvimbisha mpira wa kawaida na vali huanza kudondosha.

Mapipa matupu yatobolewe chini na juu, yapondwe, yarudishwe kwa msambazaji. Pipa zima likiachwa kiwanjani, kesho linauzwa gulioni kuwekea maji ya kunywa. Mpakiaji aandike idadi ya mapipa aliyopokea na aliyorudisha kwenye daftari moja na lita zilizopigwa. Namba zisipolingana, gari lisiondoke kiwanjani hadi pipa lipatikane.