Maswali ya Wasomaji: Hatujahama, mbona eneo bunge letu limehama?

Safari hii maswali yote yametoka kwa wasomaji walioko Iowa, Marekani. Neno "jimbo" katika Kiswahili hubeba mambo mawili, kwa hiyo hapa jimbo ni Iowa yenyewe. Sehemu inayochagua mbunge mmoja tutaiita eneo bunge, kama wasemavyo Kenya.

Ndugu Mhariri, kaunti yetu ya mashambani haikupoteza watu wengi kati ya sensa ya 2010 na ya 2020. Uchaguzi wa 2022 ulipofika tukakuta eneo bunge limenyooshwa hadi kaunti jirani, na mbunge tuliyemzoea si wetu tena. Tulikosea wapi?

Hamkukosea popote. Wachora mipaka hawaulizi kama mmepungua, wanauliza kama mmeongezeka kwa kasi ya wenzenu. Baraza la Wawakilishi la Iowa lina viti 100, na idadi hiyo haipandi watu wakiongezeka. Mwaka 2010 jimbo lilikuwa na watu 3,046,355, hivyo kila kiti kilitakiwa kubeba watu 30,464. Mwaka 2020 sensa ilipata watu 3,190,369, na kiti kimoja kikawa watu 31,904. Tuseme eneo lenu lilianza na wastani ule wa 2010 na miaka kumi nzima halikupata wala kupoteza hata mtu mmoja. Bado lina upungufu wa watu 1,440, yaani asilimia 4.5. Kama lilipoteza asilimia 5, limebaki na 28,941 na linadaiwa watu 2,963. Hao watatoka wapi kama si ng'ambo ya mpaka?

Sasa tazameni upande wa pili. Kaunti ya Dallas, iliyopakana na Des Moines, ilitoka watu 66,135 mwaka 2010 ikafika 99,678 mwaka 2020. Kwa hesabu ya viti, ilikuwa na viwili na ushei, sasa ina vitatu na ushei. Kiti kile cha ziada kimetoka mashambani, maana kati ya kaunti 99 za Iowa, 68 zilipungua watu.

Upungufu huo husafiri. Magharibi kuna Mto Missouri na mpaka wa jimbo, na huko hakuna wa kuazima watu kwake. Eneo la pembeni likipungukiwa hunyooka kuelekea ndani, la ndani nalo humega kwa jirani yake, na mlolongo unaendelea mpaka ufike palipo na ziada. Ndiyo maana hata kaunti ambayo hesabu yake iko sawasawa inaweza kukatwa: imekaa njiani tu.

Nani hasa huchora? Nasikia Marekani wanasiasa hujichagulia wapiga kura.

Katika majimbo mengi wabunge ndio huchora, na hila zipo. Iowa ina utaratibu wake tangu sheria ya 1980. Kazi hufanywa na Wakala wa Huduma za Bunge, wataalamu wasiofungamana na chama. Hawaruhusiwi kutazama kura zilipigwaje, vyama vya wapiga kura, wala wabunge waliopo wanakaa wapi. Wanaanza na usawa wa watu: tofauti na wastani, ukiijumlisha kwa maeneo yote na kuigawa kwa idadi ya maeneo hayo, isizidi asilimia 1 ya wastani (yaani watu 319 kwa kiti cha Wawakilishi), na eneo lenye watu wengi kuliko yote lisilizidi lenye watu wachache kuliko yote kwa zaidi ya asilimia 5. Kisha wanajitahidi wasipasue kaunti na miji. Eneo lazima liwe kipande kimoja, na pande mbili zinazogusana kwenye ncha ya kona tu hazihesabiwi kuwa zimeungana.

Bunge hupewa ramani likubali au likatae bila kuirekebisha, isipokuwa makosa madogo. Ikikataliwa huletwa ya pili kwa masharti yaleyale. Ya tatu ndiyo inayoweza kufanyiwa marekebisho, na hapo ndipo siasa ingepata mlango. Mwaka 2021 takwimu zilichelewa kwa sababu ya korona na zikatoka 12 Agosti. Ramani ya kwanza ilitolewa 16 Septemba, Seneti, baraza la pili la bunge la Iowa, ikaikataa 5 Oktoba. Ya pili ilipitishwa 28 Oktoba na gavana akaitia saini 4 Novemba.

Kwa kuwa anwani za wabunge hazitazamwi, wawili hujikuta ndani ya eneo moja. Mmoja astaafu, au wapambane, au ahame, maana sharti ni kuishi katika eneo siku 60 kabla ya uchaguzi. Kwetu sisi hiyo ni dalili kwamba mchoraji hakuchungulia.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, bado sina uraia. Nahesabiwa?

Ndiyo, pamoja na watoto wako wote. Mwaka 2016, katika kesi ya Evenwel dhidi ya Abbott, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema jimbo linaweza kugawa maeneo kwa kuhesabu wakazi wote badala ya wapiga kura pekee. Hivyo mtaa wenye watoto wengi na wageni wengi una uzito uleule katika ramani, hata kama kura zake ni chache.

Shida iko kwenye kuhesabiwa kwenyewe. Tathmini ya Ofisi ya Sensa ilionyesha kwamba mwaka 2020 Wamarekani weusi walikosekana kwa asilimia 3.30 kitaifa, na wenye asili ya Kilatino kwa asilimia 4.99. Wanaosahaulika sana ni watoto wadogo, na ndugu waliohifadhiwa kwa muda. Fomu inamtaka kila anayeishi na kulala hapo muda mwingi, awe yumo kwenye mkataba wa nyumba au hayumo. Mpwa unayemlea mwandike. Sheria inakataza majibu yako kupewa mwenye nyumba, polisi au uhamiaji.

Na wafungwa?

Sensa huwahesabu gerezani walipo. Mji wa Anamosa, wenye gereza kubwa, uliwahi kuwa na kata ya udiwani ambayo karibu wakazi wake wote walikuwa wafungwa wasiopiga kura. Mwaka 2005 diwani wake alishinda kwa kupata kura mbili tu, za watu walioandika jina lake wenyewe kwenye karatasi. Baadaye mji uliacha kuchagua madiwani kwa kata.

Jamii yetu imekua sana tangu 2020. Tunaweza kudai ramani mpya sasa?

Kwa kigezo hicho, hapana. Makadirio ya watu yanayotolewa kati ya sensa moja na nyingine hayatumiki, hivyo subirini sensa ya 1 Aprili 2030. Ramani ya kwanza itakapotoka 2031, sheria inataka angalau mikutano mitatu ya kusikiliza wananchi. Ukienda, taja barabara, shule na mitaa ambayo mpaka umeikata, maana "jamii yetu imegawanywa" pekee haimsaidii mchoraji. Na ukitaka kujua eneo la seneta wako wa jimbo kwa haraka, kumbuka kila eneo la Seneti hubeba mawili ya Wawakilishi: chukua namba ya eneo lako la Wawakilishi; ikiwa si shufwa ongeza moja, kisha gawa kwa mbili. Maeneo ya 31 na 32 yote ni Seneti namba 16.