Kabla hujampeleka mzee wako ofisini, fungueni kwanza ile bahasha

Ukitaka kuwasaidia wazee wako wajue stahili zao, usianzie ofisini. Anzia kwenye bahasha ya kaki iliyo chini ya godoro, au sanduku la bati, au popote wanapotunza makaratasi yao. Ofisini mtaulizwa namba ya uanachama wa mfuko wa pensheni, tarehe ya kuajiriwa na jina la mwajiri wa mwisho. Mzee atakutazama wewe, nawe utamtazama yeye, na foleni nyuma yenu itaanza kuguna.

Haya nimeyajua kwa kuwafuatilia baba mkubwa na mama mkubwa, ambao wanaishi hapa Tabora. Baba mkubwa alikuwa mtu wa reli, kama walivyokuwa wazee wengi wa mji huu. Pensheni yake ni ndogo na wajukuu wanaishi nao. Mama mkubwa yeye alijulikana tu kama mke wa mstaafu, mtu asiye na faili popote. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: mhesabu kila mmoja peke yake. Usimfanye mama kiambatisho cha baba.

Kwenye bahasha ya baba mkubwa tulikuta barua yenye nembo ya PPF, mfuko wa pensheni wa zamani. Yeye alikuwa na hakika kwamba mfuko huo ulikufa na haki zake zikafa nao. Haukufa. Mwaka 2018 PPF, PSPF, LAPF na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na mfuko huo mpya ukabeba wanachama na wastaafu wa mifuko yote minne. Kwa hiyo ukikuta karatasi yenye jina mojawapo kati ya hayo, nenda nayo PSSSF. Karatasi ikisema NPF, hiyo ni ya zamani zaidi, na mrithi wake ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa. Mkiwa PSSSF ulizieni pia kiasi chenyewe: Januari 2025 kima cha chini cha pensheni ya mwezi kilipanda kutoka shilingi 100,000 hadi 150,000. Chukua taarifa ya benki ya miezi michache uone kinachoingia. Wazee wengi hutoa fedha bila kusoma karatasi.

Mama mkubwa alikuwa na bahasha yake, na kuipata kulitaka subira. Alipokuwa bado na nguvu alipika kwenye shule moja ya binafsi, na ndani ya kitambaa chenye picha za harusi kulikuwa na stakabadhi za mshahara zinazoonyesha makato ya NSSF. "Hizo si walikula wenyewe, mwanangu?" akaniuliza. Swali lake halikuwa la kipuuzi. Tulipoomba taarifa ya michango, miezi mingine ilikuwemo na mingine haikuwemo: mwajiri alikata, hakupeleka. Ndiyo sababu stakabadhi za mshahara hazitupwi hata zikiwa zimeliwa na mende, kwa kuwa ndizo ushahidi wa mfanyakazi. Ili kupata pensheni ya kila mwezi ya uzee unatakiwa uwe na michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mama mkubwa hakuifikisha hata kidogo, lakini asiyeifikisha hapotezi michango yake. Hulipwa mkupuo. Si fedha ya kujenga nyumba, lakini ni yake, na aliipokea kwa jina lake. Siku hiyo baba mkubwa alikuwa mkimya kidogo.

Tatizo lililotuchelewesha kuliko yote lilikuwa majina. Kitambulisho cha NIDA cha mama mkubwa kina jina la baba yake, kadi ya kazi ina jina la mume, na cheti cha ndoa kina herufi ambayo karani aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Kwa akina mama wa umri ule hili ni jambo la kawaida kabisa. Kabla hujapanda bajaji, pangeni karatasi zote mezani na msome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, uliza ofisi husika inataka hati ya kiapo ya namna gani, ndipo uende kwa wakili. Ukitangulia kwa wakili unaweza kulipia hati ambayo ofisi haiitaki.

Halafu kuna uhakiki. Mstaafu lazima athibitishe mara kwa mara kwamba yu hai, la sivyo malipo husimama. Zamani ilikuwa lazima asafiri hadi ofisini. Sasa PSSSF wana programu ya simu, PSSSF Kiganjani, ambayo humwezesha mstaafu kujihakiki akiwa nyumbani. Hapo ndipo kijana mwenye simu janja anapohitajika, maana wazee wana vitochi. Angalia pia namba ya simu iliyoandikwa kwenye faili. Ya baba mkubwa ilikuwa laini ya zamani iliyopotea, hivyo kila ujumbe wa mfuko ulikwenda kwa mtu asiyejulikana.

Kwa matibabu, ulizeni mambo mawili tofauti. Kama mmoja wao alikatwa michango ya bima ya afya ya NHIF hadi anastaafu, ulizeni kama kadi yake na ya mwenza wake ziko hai. Kama hakuna bima kabisa, kuna utaratibu wa serikali wa kuwatibu bure wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kutambuliwa kunaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii, na hospitali za umma zina dirisha au utaratibu wa kuwatanguliza wazee. Ila nisikudanganye: kumwona daktari bila malipo na kupata dawa bila malipo ni mambo mawili. Dawa ikikosekana dirishani mtaelekezwa famasi ya nje, kwa hiyo msiende mikono mitupu.

Kuna pia vitu ambavyo wazee huvisubiri na havipo. Mama mkubwa alisikia redioni kwamba kila mzee wa miaka 70 analipwa pensheni. Kweli analipwa, lakini Zanzibar, tangu 2016. Tanzania Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Ruzuku ya TASAF nayo ni ya kaya maskini zinazotambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa na kuhakikiwa, si ya kila mwenye mvi, na nyumba yenye pensheni isitegemee sana. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mikopo, inarudishwa. Ni heri kumwambia mzee ukweli huu mapema kuliko kumwacha akihudhuria kila mkutano wa mtaa na matumaini mfukoni.

Dogo lakini linakera: kodi ya jengo. Nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye umeme wa LUKU, na watu wengi hawajui kwamba sheria ina msamaha kwa mzee wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Haujileti wenyewe. Uliza ni ofisi gani inashughulikia msamaha huo na inataka uthibitisho gani, na kama mita ina jina la mwingine, anzeni kulirekebisha hilo.

La mwisho nalisema kwa ukali. Wapo wakopeshaji mitaani wanaochukua kadi ya benki ya mstaafu pamoja na namba ya siri, kisha mwisho wa mwezi wanakwenda wao kwenye mashine. Mzee anapewa kinachobaki. Na wapo wanaojiita wafuatiliaji, wanaodai "ya soda" kabla ya kufungua faili. Fomu za mafao hazinunuliwi. Unapokagua stahili za wazee wako, waombe wakuonyeshe kadi ya benki. Kama haipo nyumbani, acha kwanza habari za PSSSF na NSSF. Nenda benki na mzee mwenyewe, kadi ifungwe, iombwe mpya, na deni liandikwe kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, lilipwe kidogo kidogo kwa mkono wa mzee.